Ratiba, Nauli na Majina: Historia ya Usafiri wa Umma Tanzania Ikitazamwa kutoka Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Historia ya usafiri wa umma nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya Dar es Salaam. Makala hii inaitazama historia hiyo kutoka Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara. Hoja yake kuu ni kwamba kigezo cha umiliki, yaani kama chombo ni cha serikali au cha mtu binafsi, hakitoshi kueleza mabadiliko yaliyotokea tangu enzi za ukoloni. Kigezo kinachofaa zaidi ni wajibu: nani analazimika kusafiri hata pale abiria wanapokuwa wachache, na kwa ratiba ipi. Kwa kutumia mabadiliko ya taasisi, jiografia ya njia, na majina ambayo abiria wameyapa vyombo vyao, makala inaonesha kwamba baada ya 1974 wajibu huo uligawanywa kati ya jiji na mikoa, na kwamba miradi ya karne ya 21 imeurejesha jijini kuliko kwingineko.

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 1934, mtoto wa Chifu Nyerere Burito alitoka Butiama kwenda kusoma katika shule ya Mwisenge, Musoma. Waandishi wa maisha ya Julius Nyerere husimulia kwamba alitembea kwa miguu umbali wa maili 26 hivi, sawa na takribani kilomita 42. Tukio hili kwa kawaida hutumika kuonesha bidii ya mwanafunzi. Kwa mwanahistoria wa usafiri, hata hivyo, linatoa taarifa ya aina nyingine. Katika mwaka huo Musoma ilikuwa tayari bandari iliyofikiwa na meli kubwa za ziwa, na abiria aliyekuwa gatini aliweza kusafiri hadi Kisumu na kuunganisha na treni ya kwenda Mombasa. Kijiji kilichokuwa mwendo wa siku moja kutoka bandari hiyo kilikuwa nje ya mfumo huo kabisa.

Umbali huo kati ya mfumo na watu wanaoishi karibu nao ndio mada ya makala hii. Tafiti muhimu zimeshafanyika kuhusu usafiri nchini. Kitabu cha Matteo Rizzo cha mwaka 2017 kimechambua kwa kina kazi na mapato ya madereva na makondakta wa daladala jijini Dar es Salaam. Kile cha Joshua Grace cha mwaka 2021 kimeiweka historia ya magari ya Tanzania mikononi mwa mafundi na madereva Waafrika. Makala hii inajenga juu ya misingi hiyo kwa kuuliza swali ambalo likiulizwa Kariakoo halina uzito uleule linaoupata likiulizwa katika stendi ya Bunda: usafiri huwa wa umma kwa sababu gani?

2.0 Dhana ya usafiri wa umma

Neno “umma” katika istilahi hii lina angalau maana tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Kwanza, usafiri wa umma ni ule unaomilikiwa na umma kupitia dola au shirika lake. Pili, ni ule unaobeba mtu yeyote anayelipa nauli, tofauti na gari la nyumbani. Tatu, ni ule ambao mwendeshaji wake ana wajibu mbele ya umma: kuondoka kwa saa iliyotangazwa, kufika mwisho wa njia, na kutoza nauli inayojulikana.

Maana ya kwanza ndiyo iliyotawala mijadala ya kisiasa kati ya 1967 na 1985. Maana ya pili ndiyo iliyotawala baada ya hapo. Maana ya tatu haijapewa nafasi ya kutosha katika uandishi wa historia, ingawa kwa abiria ndiyo yenye uzito mkubwa. Mgonjwa anayetoka Butiama kwenda hospitali ya rufaa iliyopo Kwangwa, Musoma, haulizi hisa za gari zinamilikiwa na nani. Anauliza kama litaondoka, na kama atapata jingine la kumrudisha.

3.0 Ratiba ya ziwani

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli SS Usoga na SS Rusinga zilianza kazi katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1910, na kwa miongo kadhaa huduma za meli zikaziunganisha bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo, na kituo hicho cha reli. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, na ziwa likawa na milango miwili ya reli. Mara haikujengewa reli. Ilipata treni kwa njia ya maji, kwa maana kwamba saa ya meli ilipangwa kwa kuzingatia saa ya treni.

Mfumo huu ulikuwa wa kikoloni kwa muundo na kwa makusudi. Ulijengwa ili pamba, ngozi na mazao mengine yatoke, na bidhaa za viwandani ziingie, na madaraja yake ya abiria yalifuata ubaguzi wa jamii ya wakati huo. Pamoja na hayo, uliacha urithi mmoja ambao haukutegemea nia ya waanzilishi wake, nao ni ratiba. Meli iliondoka kwa siku na saa iliyotangazwa, ikiwa imejaa au haijajaa. Kuanzia 1948 huduma hizo ziliendeshwa na shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki, na mwaka 1961 meli mpya, Victoria, iliingia kazini.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliukata mfumo huo vipande. Mali ziligawanywa, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Victoria ilibaki upande wa Tanzania, ikaja kujulikana zaidi kwa safari za Mwanza na Bukoba. Kwa Musoma, ambayo biashara yake ilikuwa imeelekea Kisumu tangu mwanzo wa karne, pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko kwa miji ya ndani. Mji uliokuwa njiani ukawa pembezoni kwa muda wa miaka sita, na mzigo wote wa kuuunganisha na nchi ukaangukia barabara ya Mwanza inayopita Bunda.

4.0 Mwaka 1974: jiji na taifa vinatenganishwa

Huko Dar es Salaam, kampuni ya Kiingereza iliyojulikana kwa kifupi kama DMT ilianza kuendesha mabasi mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilihudumia njia za mjini na pia safari za kwenda mikoani. Serikali iliitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa mara mbili: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likachukua jiji, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ikachukua safari za nje ya jiji. Sambamba na hizo, kampuni za uchukuzi za mikoa zilianzishwa chini ya sera ya madaraka mikoani.

Mgawanyo huu umetajwa katika maandiko mengi kama hatua ya kiutawala tu. Makala hii inauona kuwa na matokeo ya kihistoria ya muda mrefu. Kabla yake, angalau kwa kampuni hiyo moja, kilio cha abiria wa jiji na cha abiria wa mkoani kilielekezwa mlango mmoja. Baada yake, usafiri wa mjini ukawa suala la kisiasa la Dar es Salaam pekee. UDA ilipokwama, viongozi, magazeti na wafanyakazi wa serikali waliliona jambo hilo kila asubuhi kituoni. Huduma ya mkoani ilipokwama, waliobaki barabarani walikuwa mbali na macho hayo. Sababu za kukwama zilikuwa zilezile: kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia 1973, upungufu wa fedha za kigeni, ukosefu wa vipuri na matairi, na gharama za vita vya 1978 na 1979. Uhaba wa mafuta ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana bila kibali.

Katika maeneo ya pamba ya Kanda ya Ziwa, Bunda ikiwemo, lori lilikuwa daima chombo cha abiria pia. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa na malori yao, vilivunjwa mwaka 1976 na kuruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Kwa hiyo, historia ya usafiri wa abiria mkoani haiwezi kutenganishwa na historia ya ushirika. Mwanazuoni anayetafuta rekodi za mabasi pekee atakosa sehemu kubwa ya watu waliosafiri juu ya marobota.

5.0 Majina kama ushahidi

Pale nyaraka zinapokuwa chache, lugha yenyewe ni hifadhi. Majina ya vyombo vya usafiri Afrika Mashariki yanagawanyika katika makundi mawili yanayostahili kulinganishwa.

Kundi la kwanza ni majina ya dola: DMT, UDA, KAMATA, na baadaye DART. Majina haya ni vifupisho. Yanataja mmiliki, aina ya taasisi na eneo lake la mamlaka. UDA ni ya Dar es Salaam. KAMATA ni ya Taifa. Ndani ya jina mna ahadi: taasisi fulani inawajibika kwa mahali fulani.

Kundi la pili ni majina ya abiria. Mabasi ya watu binafsi yaliyofanya kazi kinyume cha sheria jijini mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliitwa thumni thumni, kutokana na nauli ya senti hamsini. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu magari binafsi kubeba abiria chini ya idhini ya UDA, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo iliitwa dala. Ndipo jina la daladala lilipopata nguvu. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, matatu ya Kenya, iliyohalalishwa mwaka 1973, ilipata jina kwa mapeni matatu ya nauli. Pikapu zilizowekewa mabenchi ya abiria kukaa wakitazamana ziliitwa chai maharage, kwa kufanana na mabenchi ya mgahawa. Bodaboda ilipewa jina na mpaka uliovukwa kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Katika Kanda ya Ziwa, gari dogo la kuchangia linaloondoka pindi viti vinapojaa huitwa mchomoko, kwa kuwa huchomoka.

Majina ya kundi hili hayataji mmiliki wala mamlaka. Yanataja nauli, namna ya kukaa, mahali pa kuvukia au namna ya kuondoka. Kwa maneno mengine, yanarekodi mkataba wa papo kwa papo kati ya abiria na dereva, mkataba ambao huanza mlango ukifunguliwa na kwisha abiria anaposhuka. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linaloahidi kwamba chombo kitakuwepo kesho. Jina la mchomoko linasema wazi zaidi kuliko yote: abiria anajua jinsi gari litakavyoondoka, lakini saa ya kuondoka inategemea kujaa kwa viti.

Inaweza kupingwa kwamba majina huzuka kwa mzaha na hayawezi kubeba uzito wa ushahidi wa kihistoria. Pingamizi hili lina nguvu ikiwa jina moja litachukuliwa peke yake. Lakini mfanano wa majina ya mitaani kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, na tofauti yao na majina ya kitaasisi katika kipindi kilekile, ni mpangilio unaodai maelezo.

6.0 Musoma, Bunda na Butiama baada ya 1983

Mambo mawili ya miaka 1983 na 1984 yaliubadilisha usafiri wa Mara. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena, na bajeti ya 1984 iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, magari yakiwa miongoni mwao. Mkoa wenye barabara kuu ya kwenda Sirari ulikuwa na nafasi nzuri ya kunufaika. Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, lililochukua nafasi ya kivuko, liliifanya barabara hiyo kuwa njia isiyokatika kati ya Mwanza na Kenya.

Jiografia ya njia hiyo ndiyo inayoeleza tofauti kati ya miji mitatu inayojadiliwa hapa. Bunda ipo juu ya barabara kuu yenyewe. Kila basi la Mwanza na Sirari hupita. Musoma, makao makuu ya mkoa, ipo pembeni, mwisho wa tawi linaloanzia Makutano. Butiama ipo upande wa pili wa Makutano, katika barabara inayoelekea Nata na Mugumu. Soko huria la usafiri limeihudumia Bunda vizuri kwa sababu abiria wake huongezwa kwenye gari ambalo lingepita hata hivyo. Limeihudumia Musoma kwa sababu ofisi, soko na hospitali huvuta watu. Butiama, ingawa ilipewa hadhi ya wilaya mwaka 2012 na ina kaburi la Mwalimu linalotembelewa na wageni wa kitaifa, hupata magari kadiri viti vinavyojaa.

Usimamizi wa dola haukuondoka. SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, na LATRA, iliyoirithi kwa upande wa nchi kavu mwaka 2019, zimetoa leseni, zimepanga viwango vya nauli na kuwapa ratiba mabasi ya masafa marefu. Wajibu wa tatu uliotajwa katika sehemu ya pili umebaki kwa mabasi hayo. Ulipotoweka ni katika safari fupi: kati ya wilaya na makao makuu ya mkoa, kijiji na mji. Huko leseni inamruhusu mwenye gari kufanya kazi katika njia. Kiutendaji haimlazimishi kuwepo wakati abiria ni wawili.

Musoma yenyewe ina mfano hai unaopinga wazo kwamba wajibu huo hauwezekani mkoani. Kivuko cha serikali kinachosimamiwa na TEMESA huvusha watu na magari kati ya Musoma na Kinesi, wilayani Rorya. Safari zake hupangwa, na nauli yake inajulikana. Huduma hii imedumishwa kwa sababu maji hayana njia mbadala iliyo rahisi. Dola imekubali kuwa mvushaji wa mwisho. Juu ya nchi kavu, penye barabara, imechukuliwa kwamba mtu atajitokeza.

7.0 Ratiba inarudi jijini

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulianzishwa mwaka 2007. Awamu ya kwanza, yenye takribani kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mfumo mzima ulipangwa kufikia kilomita 130 hivi katika awamu sita. Kabla ya hapo, Oktoba 2012, treni za abiria za jijini zilikuwa zimeanza kutumia reli za TRL na TAZARA. Wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Kwingineko katika ukanda, Addis Ababa ilikuwa imezindua reli nyepesi ya jiji mwaka 2015.

Matatizo ya mwendokasi, hasa msongamano na uhaba wa mabasi, yamejadiliwa sana hadharani. Kwa mada hii, jambo la msingi ni lingine. Njia maalumu, vituo vya kudumu na mkataba wa uendeshaji vimemrudishia abiria wa jiji mtu wa kumdai. Malalamiko yenyewe ni ushahidi: mtu hulalamikia kuchelewa pale tu palipo na ahadi ya kufika. Jina la mwendokasi pia linachanganya makundi mawili ya majina yaliyotajwa awali. Ni la abiria, lakini limetokana na ahadi ya taasisi.

Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 na Mara watu 2,372,015. Uwiano huo hauhalalishi kudai njia za mabasi ya haraka Musoma, mji uliokuwa na watu 134,327 mwaka 2012. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, imebaki katika mipango. Lakini idadi hiyo inatosha kuhoji kwa nini dhana ya wajibu wa usafiri izuke tu panapokuwa na zege na umeme. Ratiba ya magari mawili kwa siku kati ya Butiama na Musoma, yanayoondoka yakiwa yamejaa au hayajajaa, haihitaji reli. Inahitaji mkataba na ruzuku ndogo, na mamlaka itakayojibu gari lisipoonekana.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha mambo matatu. Kwanza, mgawanyo wa 1974 kati ya UDA na KAMATA uliweka mpaka wa kisiasa kati ya usafiri wa jiji na ule wa mikoa, na mpaka huo umeendelea hata baada ya mashirika yenyewe kupoteza nguvu. Pili, kurudi kwa sekta binafsi mwaka 1983 kuliongeza vyombo bila kurejesha wajibu katika safari fupi za mkoani. Tatu, miradi mikubwa ya karne hii inaurejesha wajibu huo, lakini kwa kufuata mpaka uleule wa zamani.

Utafiti unaofuata unapaswa kuhama kutoka kwenye idadi ya mabasi kwenda kwenye saa za kuondoka. Kumbukumbu za ushirika, vitabu vya bandari ya Musoma, na simulizi za madereva na makondakta wastaafu wa barabara ya Bunda na Makutano ni vyanzo vinavyohitaji kukusanywa kabla wenye kuvikumbuka hawajaondoka. Kinachopaswa kuulizwa katika vyanzo hivyo ni swali moja linaloweza kujibiwa kwa ushahidi, na ambalo sera haijalijibu: katika kila kipindi, gari la mwisho la siku kwenda Butiama liliondoka saa ngapi, na ni nani aliyelazimika kuliondosha?